Sumaku Mfukoni: Nilivyotafuta Baiskeli ya Chuma ya Kwendea Kazini

Mwaka juzi, kwa muda wa kama miezi miwili, nilikuwa natembea na sumaku mfukoni. Niliing'oa kwenye spika ya redio iliyokufa. Ilikuwa ya duara, nyeusi, nzito kuliko inavyoonekana, na kila nilipotia mkono kutafuta nauli ilitoka imeng'ang'ania funguo za nyumba. Kondakta mmoja aliitazama, akanitazama na mimi, akauliza, "Mzee, hiyo ndiyo dawa yenyewe?" Nikamwambia hapana, hiki ni kipimo. Hakuniamini, na ndani ya daladala hapakuwa na nafasi ya kumweleza.

Kipimo cha baiskeli. Ukienda kwenye zile yadi zinazoshusha baiskeli za mtumba utazikuta zimerundikana, pedeli ya hii imeingia kwenye spoku za ile, usukani wa nyingine umekwama kwenye mnyororo wa jirani yake. Rangi haikuambii kitu. Unene wa bomba unaweza kukudanganya. Muuzaji naye, kila unachokigusa kwake ni "orijino". Sumaku haina undugu na mtu. Ukiigusisha kwenye fremu ikanasa, hicho ni chuma. Ikiteleza ikaanguka, ni alumini. Mimi nilikuwa natafuta chuma, na sababu nilikuwa nazijua vizuri, maana nilishazilipia.

Naishi Kimara, kazi yangu iko Posta. Kwa barabara ya Morogoro ni kama kilomita 14: unateremka Ubungo, unapita Manzese, Magomeni, unashuka bonde la Jangwani, unapanda Fire, umefika mjini. Kuhusu usafiri wa asubuhi sitasema mengi. Kila mkazi wa Kimara ana lake, na langu halizidi la mwenzangu. Siku moja nilikaa nikapiga hesabu ya muda wa kusubiri, kusimama na kubanwa, nikaona unatosha kunifikisha kazini kwa baiskeli, nikanawa, nikabadili shati na chai nikanywa. Hesabu ilikuwa sahihi. Nilipokosea ni kwenye baiskeli.

Ya kwanza nilinunua mpya, dukani. Nyekundu, fremu ya alumini, springi mbele, breki za diski kama pikipiki. Watoto wa mtaani waliizunguka kama gari la harusi. Fremu haikuwa na matundu ya kufungia keria, lakini nani anaangalia matundu akiwa dukani? Nikafunga keria kwa vibano, nikapakia kompyuta, chakula cha mchana, viatu na koti la mvua, nikaingia barabarani.

Mwezi wa tano ikaanza kulia. Tik. Kila nikikanyaga pedeli ya kulia, tik. Fundi akabadilisha gololi, akakaza kranki, akajaza grisi kila palipoingia grisi. Tik. Ndipo jioni moja, tukiifuta matope, tukaona unywele mweusi kwenye rangi, karibu na pale gurudumu la nyuma linaposhikwa na fremu. Nikapitisha ukucha nikidhani nitautoa. Ukucha ukazama.

"Hii haiungwi, bosi," fundi akasema, akaanza kukusanya spana zake.

Nikabisha. Nikaipeleka kwa jamaa mmoja mwenye mashine ya kuchomelea alumini. Akafanya kazi safi kabisa, mshono umelala kama magamba ya samaki. Wiki ya tatu ikakatika tena, safari hii pembeni kidogo ya mshono wake. Baadaye ndiyo nikaelewa kwamba yule bwana hakuwa na kosa. Alumini ya fremu nyingi hupikwa kwenye tanuri kiwandani baada ya kuchomelewa, ili irudishiwe nguvu iliyopotea kwenye moto. Ukiichomelea mtaani bila kuipika upya, sehemu iliyopata joto inabaki laini, na mzigo ukija unajua pa kwenda.

Nisiwe mwongo: zipo baiskeli za alumini zilizotengenezwa vizuri na zinadumu miaka mingi. Yangu ilikuwa ya bei ya chini iliyovalishwa nguo za bei ya juu. Lakini hata nzuri yake ina tabia moja ambayo kwa barabara zetu haifai kuisahau. Chuma ukikibebesha mzigo ulio chini ya kiwango chake, kitikise mara milioni ngapi, hakihesabu. Alumini inahesabu kila shimo. Haionyeshi, hailalamiki, lakini inahesabu. Ndiyo maana mafundi hodari wa alumini huitumia kwa mabomba manene, yasipinde hata kidogo. Wasio hodari huweka stika.

Nikaenda kwa mjomba. Mjomba ana Phoenix, ile nyeusi ya Shanghai yenye nakshi za dhahabu, imelala stoo tangu aanze kulalamikia magoti. Ni mtu wa baiskeli huyu. Anaikumbuka mpaka Swala iliyotengenezwa hapa hapa nchini, na ukimpa nafasi atakueleza jinsi Raleigh ya Mwingereza ilivyolazwa ndani ya nyumba usiku, mwenye nayo kalala kitandani na wageni wamelala chini. Akanipa Phoenix kwa sharti moja: "Usiibadilishe kitu."

Kwa wiki sita niliendesha ile baiskeli na kwa wiki sita niliiheshimu. Ukiikalia unakaa wima kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Magurudumu yake makubwa, inchi 28, yanapita juu ya vishimo ambavyo baiskeli ndogo ingetumbukia. Keria yake ni chuma kitupu, gunia la mkaa linakaa. Stendi ya miguu miwili, haianguki. Na popote itakapoharibika, kuanzia hapa mpaka Kigoma, chini ya mwembe wa kwanza utamkuta mtu mwenye nyundo na msumari wa kugongea pini ya kranki. Kwa Hero za kutoka India ni hivyo hivyo. Zote ni watoto wa baiskeli moja ya Kiingereza, tofauti ni jina lililoandikwa kwenye bomba.

Ila ilinishinda kwa mambo mawili. La kwanza ni mlima wa kurudi nyumbani. Kutoka Ubungo kwenda Kimara unapanda, na ukipanda na karibu kilo 20 za chuma zenye giya moja, jioni, baada ya kushinda ofisini, unafika unatetemeka mikono. Hilo ningevumilia. La pili sikuweza.

Breki za Phoenix ni fito za chuma zinazovuta vipande viwili vya mpira kwenda juu, vikabane rimu kwa ndani. Rimu yenyewe ni ya chuma iliyopakwa kromi. Jua likiwaka breki ni nzuri tu. Mvua ikinyesha, mpira juu ya kromi iliyolowa ni kama kandambili juu ya vigae vya bafuni. Nilikuwa nateremka kutoka Magomeni kwenda Jangwani, mvua ya masika imeanza ghafla, mbele yangu mama na jiko lake la mahindi anahangaika kulihamisha. Nikakamata breki zote mbili kwa nguvu zote. Baiskeli ikaendelea na safari yake. Nilisimama kwa soli za viatu, tairi la mbele limegusa ndoo ya chumvi na pilipili. Yule mama hakunitukana. Alinitazama tu kwa muda mrefu, akasema, "Baba, una watoto?"

Ungefikiri dawa ni kuweka rimu za alumini, ambazo zikilowa zinashika vizuri zaidi. Haiwezekani kirahisi. Breki ile inabana sehemu ya ndani ya rimu, na rimu za kisasa zimetengenezwa kubanwa ubavuni. Ukianza kubadilisha rimu utabadilisha breki, ukibadilisha breki utabadilisha vishikio, mwisho umevunja sharti la mjomba na hela imekwisha. Nikairudisha stoo, nikaipaka oili, nikashukuru.

Kufikia hapo nilikuwa nimeshaijua baiskeli ninayoitaka, ingawa sikujua kama ipo. Nilitaka mwili wa Phoenix na miguu ya ile nyekundu: fremu ya chuma inayoungika, matundu ya keria na madigadi, nafasi ya tairi nene, breki za kubana ubavu wa rimu ya alumini, giya chache za mlima. Bila springi. Springi za bei ya chini ni uzito unaosonga juu na chini, basi. Na vipuri vyote viwe vya saizi ambayo duka la kawaida linayo.

Kumbe ipo, na ilitengenezwa kwa wingi, kwa ajili ya watu wengine kabisa. Baiskeli za milimani zilipoanza kutengenezwa kiwandani kwa wingi, mwaka 1981 na Stumpjumper ya Specialized ya Marekani iliyotengenezwa Japani, zilikuwa za chuma na hazikuwa na springi. Ziliendelea hivyo mpaka miaka ya mwanzo ya 1990. Kisha springi zikaja, alumini ikashuka bei, na wenye nazo huko Ulaya wakaziegesha gereji. Miaka ikapita, gereji zikasafishwa, makontena yakajazwa. Hivyo ndivyo baiskeli iliyotengenezwa kwa ajili ya Mjerumani kupanda milima Jumapili inavyoweza kuishia kwenye rundo Dar es Salaam, imelaliwa na baiskeli ya mtoto yenye vikatuni.

Kwa hiyo sumaku.

Sumaku inatenga chuma na alumini, lakini chuma nacho kina ngazi. Kile cha kawaida, stika zake huandika Hi-Ten, ndicho chuma cha Phoenix na cha baiskeli nyingi za bei ya chini: kizito, kigumu kufa, hakina makuu. Juu yake kuna kromoli, chuma kilichochanganywa na kromi kiasi cha asilimia moja hivi na molibdeni kidogo kuliko hiyo. Hakina uzito mdogo kwa asili yake, ila kina nguvu zaidi, hivyo bomba linaweza kufanywa jembamba na baiskeli ikapungua kilo kadhaa. Mabomba mazuri ya kromoli ni manene kwenye ncha, pale yanapounganishwa, na membamba katikati, pengine sehemu ya milimita tu. Ukiligonga kwa ukucha katikati linalia kwa sauti ya juu, kama kengele ndogo, na karibu na maungio sauti inakuwa nzito. Nilikuwa siamini mpaka nilipolisikia. Tahadhari na stika: wapo walioandika kromoli kwa herufi kubwa, na chini yake kwa herufi za siafu wakaeleza kwamba ni mabomba matatu ya mbele tu. Sumaku hapo haikusaidii, macho ndiyo yanakusaidia.

Yangu niliipata safari ya tano. Jina la kampuni lilikuwa limeshakwanguliwa na kamba za safari, limebaki "r" peke yake. Ila chini ya kiti kulikuwa na stika ndogo ya Tange, watengenezaji wa mabomba wa Japani, na nyingine ya duka la baiskeli yenye maandishi ya Kijerumani. Rangi ya zambarau ambayo mtu mzima hawezi kuichagua kwa hiari. Nikamwambia kijana wa yadi aitoe kwenye rundo, nikaanza kuikagua, na hapa ndipo nataka kukaa kidogo, kwa sababu watu wengi hununua baiskeli ya mtumba kwa kubonyeza tairi kama wanachagua papai.

Tairi ni la mwisho. Anza na shingo, pale bomba linaloteremka linapokutana na bomba la usukani. Pitisha vidole kwa chini taratibu, ukifumba macho kama unataka. Baiskeli iliyogonga ukuta hutunza kumbukumbu hapo: uvimbe mdogo, au rangi iliyojikunja kama ngozi ya kiwiko. Ukiuhisi, rudisha kwenye rundo, hata kama inauzwa bei ya bure. Simama kwa nyuma, uangalie kama magurudumu mawili yako kwenye mstari mmoja. Kisha legeza kiti, ujaribu kukizungusha na kukitoa. Kama nguzo yake haitoki, hata wakiahidi kwamba "fundi ataitoa", achana nayo. Nguzo ya alumini ikikaa miaka ndani ya bomba la chuma, pamoja na unyevu na chumvi, zinaoana, na talaka yake ni msumeno. Ikitoka, washa tochi ya simu, chungulia ndani. Kutu nyekundu ya vumbi haina neno. Vipande vinavyobanduka kama maganda ya kitunguu ni neno.

Ndani ya ile ya zambarau kulikuwa na vumbi jekundu na buibui mmoja mkavu. Shingo ilikuwa laini. Kwenye rimu, pale breki zinaposugua, hapajaliwa sana. Tundu moja la kufungia keria, upande wa kushoto, lilikuwa limekatika. Nikajifanya nimehuzunika sana kuhusu lile tundu.

"Laki mbili na themanini."

"Kaka, hii imekatika."

"Imekatika kipande tu."

Tukaachana kwenye laki na tisini, nikaikokota mpaka Gerezani kabla sijabadili mawazo.

Pale Gerezani kuna mzee mmoja anayeunga kwa gesi na shaba. Wenye mashine za umeme ni wengi, ila kwa bomba jembamba umeme wa fimbo unaweza kutoboa kabla hujasema basi. Mzee aliichukua fremu, akaigonga kwa ukucha kama ninavyogonga mimi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa. Akachonga kipande kipya cha tundu kutoka kwenye bamba chakavu, akakifunga kwa waya kisikimbie. Akapaka poda nyeupe iliyokorogwa na maji, akawasha. Chuma kikawa buluu, kikawa cheusi, halafu polepole kikaanza kuwa chekundu kama jua linalozama, na hapo akasogeza fimbo ya shaba. Ile shaba haikudondoka. Ilikimbia. Ilipita kwenye upenyo kama maji yanavyoingia kwenye kitambaa, ikajitokeza upande wa pili, mstari wa dhahabu mwembamba. Dakika tatu, labda nne. Akanitoza elfu tano, akanikataza kuimwagia maji. Niliikalisha juani hapo nikimfikiria fundi aliyekusanya spana zake.

Sasa tairi. Hapa ndipo wengi wanapolia, na dada yangu wa Tanga ni mmoja wao. Tanga mwanamke kupanda baiskeli si habari, na dada alijinunulia ile ya Kijapani ya akina mama: bomba la kati limeshushwa ili gauni lisisumbue, kikapu mbele, taa ya dinamo, kufuli lililojengewa kwenye gurudumu la nyuma. Kwa mtu anayetoka sokoni ni baiskeli bora kuliko yangu, nasema hivyo bila kinyongo. Tairi lake limeandikwa inchi 26. Likaisha. Akaenda dukani, akauziwa tairi jingine la inchi 26. Halikuingia. Akarudi nalo, wakagombana na muuzaji, kila mmoja ana haki na kila mmoja anaonyesha namba.

Inchi 26 ziko zaidi ya moja. Ile ya baiskeli za milimani, inayoandikwa kwa desimali kama 26 x 1.95, rimu yake ina kipenyo cha milimita 559 pale tairi linapokaa. Ile ya Kijapani iliyoandikwa kwa sehemu, 26 x 1 3/8, ni milimita 590. Kadhalika inchi 28: ya Phoenix ni 635, na ile wanayoita 700 au inchi 29 ni 622. Usisome inchi. Tafuta ubavuni namba mbili zenye kistari katikati, kwa mfano 47-559. Ya kwanza ni unene wa tairi, ya pili ni kipenyo cha rimu, na hiyo ya pili haibishani. Katika hizo zote, 635 utaipata mpaka vijijini kwa sababu ya Phoenix na Hero, na 559 inapatikana karibu kila mji kwa sababu ya baiskeli za milimani za kila aina. Dada tairi lake alikuja kulipata, ila ilimchukua wiki mbili za kutembea kwa miguu. Mimi nilichagua 559, na sikuona haya kwamba nachagua baiskeli kwa kufuata tairi.

Valvu nayo. Chagua ile ya kama ya gari. Phoenix ina ya kizamani yenye kipira kinachochoka, na baiskeli za mbio zina ile nyembamba ambayo pampu ya mtaani haiijui. Ya gari, kila mziba pancha mwenye kompresa barabarani anaweza kukujazia. Ila simama naye. Kompresa iliyozoea matairi ya lori inaweza kupasua tyubu ya baiskeli wakati mwenyewe anasalimiana na mtu.

Mengine niliyafanya haraka. Matairi yenye meno ya kulima nikayatoa, nikaweka laini ya upana wa 1.75, na kelele ya lami ikaisha. Magurudumu ya meno ya mbele yalikuwa matatu, nikabakiza moja la kati, lenye meno 38, na nyuma giya saba. Mlima wa Kimara sasa naupanda nimekaa. Usukani nikauinua mpaka usawa wa kiti, jambo ambalo kwa baiskeli za wakati ule ni kulegeza boliti moja tu, kwa za leo ni kununua kifaa kingine. Madigadi ya plastiki. Keria ya Phoenix, mpya, ya chuma, iliyokatwa miguu kidogo ikae sawa. Mjomba alipoiona keria alicheka sana. Gololi za kranki zilikuwa zimekufa, lakini saizi yake ni ile ya Kiingereza ya milimita 68 ambayo bado inauzwa, nikaipata Kariakoo siku hiyohiyo.

Uzito wake sijui hasa, nimeupima kwa kuupandisha ghorofani: ni mzito kuliko ile nyekundu, mwepesi kuliko Phoenix. Wenye kuzungumzia gramu waache wazungumze. Mimi mfuko wangu wa chakula peke yake unashinda tofauti ya fremu na fremu.

Asubuhi naondoka saa kumi na mbili kasoro. Pembeni ya barabara ya Morogoro, kwenye njia ya mwendokasi, ilijengwa njia ya baiskeli, na mahali pengi ni njia kweli. Mahali pengine utakutana na bodaboda anakuja uso kwa uso, meza ya viatu, rundo la mchanga, na mtu amesimama anaongea na simu akiwa na uhakika wote. Tairi pana linakusaidia kushuka kwenye ukingo bila kufikiria. Jangwani, mvua zikiwa kubwa, bonde linajaa na barabara inafungwa, na hapo hata helikopta ingefikiria mara mbili.

Siku ya kwanza kufika nayo kazini mlinzi alinielekeza mlango wa nyuma. "Wanaoleta vitu wanapitia kule, ndugu." Kitambulisho kikamaliza mjadala, ila sikumlaumu. Dar mtu wa baiskeli anatarajiwa kuwa na mikate, samaki au birika la kahawa, na hao ndio wanaoijua baiskeli kuliko sisi sote. Siku hizi huyo mlinzi ndiye anayeilinda. Aliwahi kuniuliza bei, nikamwambia yote kwa yote, pamoja na ufundi, imenigharimu kama laki tatu na nusu. Akaizunguka mara moja. "Kwa mkweche huu?"

Jumamosi inabeba mtungi wa gesi, au ndizi za Mabibo, au kijana wangu akiwa amekaa kwenye keria na mto wa kochi. Mara mbili jirani ameiazima kupeleka mchele. Ile nyekundu hakuna aliyewahi kuiazima, wala nisingethubutu kumpa mtu.

Ubaya wake ni mmoja na ni wa kila wiki: kutu. Hewa ya Dar ina chumvi, na ukishapita Coco Beach jioni moja, mnyororo unakuwa wa rangi ya chai asubuhi yake. Nafuta kwa tambara, natia oili matone machache, nafuta tena. Kila mwezi naweka rula: pini hadi pini, viungo 24 vinatakiwa viwe inchi 12 kamili. Ukizidi kwa 1/16 ya inchi naununua mwingine, kwa sababu mnyororo uliovutika unakula meno, na meno ni ghali kuliko mnyororo. Palipokwanguka rangi napaka ya kucha, mke wangu ana chupa moja ya zambarau inayofanana kabisa na haijui imekwenda wapi.

Mwisho wa wiki hii ni zamu ya kazi kubwa, kabla ya vuli. Nitaitoa nguzo ya kiti, nimimine kikombe cha oili ya injini ndani ya mabomba, kisha tuibiringishe huku na huku iingie kila kona. Chini ya kranki nilitoboa tundu dogo ili maji yasikae, na oili inayozidi itatokea hapo. Kijana ameshatafuta kopo la kuikingia. Amesema safari hii yeye ndiye atakayepiga tochi kuangalia kama yule buibui bado yupo.